Hadithi za Upelelezi na Wasomaji wa Bukoba na Muleba

Hadithi ya upelelezi ni mgeni katika maandishi ya Kiswahili. Ukihesabu tangu kitabu cha kwanza cha namna hiyo kilipotoka chapani, umri wake umepita kidogo tu miaka 60. Walioandika juu ya historia yake aghalabu wamesimama Unguja au Dar es Salaam, na kutoka huko wakatazama bara kama mahali pa kupelekewa vitabu. Si vibaya kufanya hivyo, kwani waandishi walikuwa huko na viwanda vya chapa pia vilikuwa pwani na Nairobi. Walakini kitabu huandikwa ili kisomwe, na msomaji naye ana historia yake. Katika kurasa hizi jambo hili linatazamwa kutoka ng'ambo ya pili, yaani ufukoni mwa magharibi wa ziwa Viktoria, katika nchi ya Bukoba na Muleba, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kujifunza na Kihaya ndicho kinachonyonywa pamoja na maziwa ya mama.

Sababu za kuchagua nchi hiyo ni mbili. Ya kwanza ni ya lugha: hadithi ya upelelezi, kuliko hadithi nyingine yoyote, husimama juu ya maana halisi ya maneno, na msomaji aliyejifunza lugha shuleni huyatazama maneno kwa jicho kali kuliko yule aliyezaliwa nayo. Sababu ya pili ni kwamba katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1962, kulitokea fumbo la kweli ambalo wapelelezi wake walikuwa madaktari, na ambalo lafaa kuwekwa kando ya mafumbo ya vitabuni ili yapimwe pamoja.

Kwanza habari za vitabu. Mji wa Bukoba ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 uwe kituo cha Wadachi, na miaka miwili baadaye mapadre wa White Fathers wakajenga Kashozi. Kusoma kulikuja pamoja na dini, na vitabu vya kwanza vya Kikristo vilivyosomwa Buhaya vilikuwa vya Kiganda, lugha ya jirani wa kaskazini, kabla ya Kihaya chenyewe kupata vitabu vyake. Kiswahili kilikuja kwa njia nyingine: kwa serikali, kwa shule, kwa soko la kahawa, na kwa meli. Reli ya kati ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo uliotoka Dar es Salaam uliweza kushushwa gatini Mwanza na kupakiwa melini kwenda Bukoba. Kwa njia hiyo hiyo kitabu cha Kiswahili kiliweza kumfikia mwanafunzi wa Nyakato au Ihungo.

Mwaka uliofuata, 1929, vilitoka vitabu viwili vilivyokuja kuwa mashuhuri: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vyote viwili vikiwa kazi ya ufasiri ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Vitabu hivyo vilimfundisha msomaji wa shuleni kufuata kisa kirefu, kukumbuka ramani, na kungoja siri ifunuliwe. Lakini havikuwa vya upelelezi. Sherlock Holmes wa Conan Doyle, aliyekwisha zaliwa vitabuni tangu mwaka 1887, hakuwamo katika wageni wale mashuhuri walioletwa na wafasiri wa siku hizo. Jambo hili lastahili kuangaliwa, maana lina matokeo. Katika lugha nyingi za dunia, hadithi ya upelelezi iliingia kwa ufasiri kwanza, kisha waandishi wenyeji wakaiga. Katika Kiswahili, mpelelezi wa kwanza aliyepata jina kubwa alizaliwa katika Kiswahili chenyewe, akiwa na kiko mdomoni, na hakupata kupita mikononi mwa mfasiri yeyote.

Huyo ni Bwana Msa. Muumba wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya afya ya serikali, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoanzishwa mwaka 1948, lilitangaza mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ikapata zawadi ya kwanza. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Wakati huo huo mwandishi alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la habari za kilimo, kazi aliyoishika tangu 1958 hata 1968. Basi mtu yule aliyekuwa akiwashauri wakulima juu ya mimea yao ndiye aliyekuwa akiwaza namna ya kumweka maiti mzimuni. Habari hiyo si ya kuchekesha tu. Itafaa tutakapofika kwenye habari za elimu ya watu wazima katika mikoa ya ziwa.

Kisa cha Mzimu wa Watu wa Kale chajulikana: tajiri mwenye mashamba, Ali Bomani, akutwa ameuawa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Bwana Msa haamini. Pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif, anauliza, anasikiliza, anaunga neno na neno, mpaka mkono wa mwanadamu uonekane. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana deni kwa Holmes, na Najum ana deni kwa Watson. Wenye kukosoa wamelisema sana jambo hilo, na baadhi yao wamelisema kana kwamba ni kosa. Lakini deni la namna hiyo kila mpelelezi wa vitabuni analo. Holmes naye alikopa kwa Mmarekani Poe, ambaye mwaka 1841 alitoa hadithi ya mauaji ya Paris, na kwa Mfaransa Gaboriau. Lililo muhimu ni kile Abdulla alichokijaza ndani ya chombo cha kukopa: mabishano ya barazani, utani, nasaba za watu, mirathi, mke aliyeachwa, na Kiswahili cha Unguja katika uzuri wake wote.

Hapo ndipo msomaji wa Bukoba aingiapo. Neno la kwanza la jina la kitabu si geni kwake hata kidogo. Kihaya kina neno omuzimu, wingi emizimu, lenye maana ya roho ya mtu aliyekufa; ni neno moja na la Kiswahili kwa asili, na lugha nyingi za Kibantu zinalo. Lakini matumizi yametengana. Kwa Mswahili wa pwani, mzimu ni pia mahali: pango, mbuyu au gofu ambapo watu huweka nadhiri na kufukiza ubani, na ndiyo maana maiti aweza kukutwa mzimuni. Kwa Mhaya, omuzimu si mahali pa kwendea bali ni mhusika, tena wa ukoo, mwenye madai yake juu ya walio hai. Basi msomaji wa Muleba akifungua kitabu hicho kwa mara ya kwanza atangojea mzimu utende jambo, ilhali msomaji wa Makunduchi atangojea mtu aende mahali. Fumbo la kitabu, kwa sababu ya neno moja, linakuwa na uzito zaidi kwa yule aliye mbali na pwani, kwa maana kwake shitaka juu ya mzimu ni shitaka juu ya mtendaji. Na Bwana Msa anapoukanusha mzimu, anamkanushia jambo kubwa kuliko alivyokusudia mwandishi.

Kinyume chake hutokea katika kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968. Giningi ni jina ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba amelisikia katika habari za wachawi na mikutano yao. Kwa msomaji wa ziwani ni jina tupu, na nusu ya hofu ya kitabu inamponyoka. Mwalimu anayekipendekeza kitabu hicho kwa wanafunzi wa bara yampasa kueleza jina hilo kabla ya ukurasa wa kwanza, la sivyo watasoma kisa bila kivuli chake.

Neno la pili linalofaa kuchunguzwa ni lile la kazi yenyewe. Kupeleleza ni neno la kale, na maana yake ni kutafuta habari kwa siri, kuchungulia, kudadisi. Wakristo wengi wa bara walikutana nalo kwanza katika Biblia, katika habari za watu waliotumwa na Musa kuitazama nchi ya Kanaani. Kwa hiyo mpelelezi, kabla ya kuwa mtu wa polisi, alikuwa mtu wa vita, anayetangulia jeshi. Serikali ya kikoloni ilipoleta polisi wasiovaa sare, watu wakawaita askari kanzu, jina zuri linaloonyesha jinsi mwananchi alivyomtambua hata yule aliyetaka asitambuliwe. Jasusi, lenye asili ya Kiarabu, likabaki kwa mtu anayepeleleza kwa ajili ya dola nyingine. Baadaye, hasa katika riwaya za miaka ya 1970 na kuendelea na katika magazeti, likatamalaki neno kachero. Maneno manne, na kila moja lina tabia yake: askari kanzu huogopwa, jasusi huchukiwa, kachero husifiwa, na mpelelezi hukaa katikati bila sifa wala lawama. Bwana Msa hakuwa askari kanzu. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye akili, na pengine ndiyo sababu watu wa kila upande walimkaribisha.

Sasa twende Kashasha. Mwezi mmoja na wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kilifuatwa na kilio, kikapoa, kikarudi. Hata kufika tarehe 18 Machi, wasichana 95 katika 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa kwao, kicheko kilikwenda nao. Huko Nshamba, mahali penye watu kama 10,000, watu 217 walipatwa katika muda wa miezi miwili, wengi wao vijana na watoto wa shule. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena mwezi Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Karibu na Bukoba, katika shule ya wasichana ya Ramashenye, waliopatwa walikuwa 48 katika 154. Hakufa mtu hata mmoja.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walilichunguza jambo hilo na kuandika taarifa yao mwaka 1963 katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati. Msomaji wa hadithi za upelelezi akiisoma taarifa hiyo ataona kwamba ameshika kitu anachokijua. Kwanza yapo matukio, na tarehe, na hesabu ya waliopatwa. Kisha yapo madai ya watu: wengine walisema unga wa mahindi umetiwa sumu, wengine walisema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa ng'ambo. Kila dai likachukuliwa kama mshukiwa. Damu ikapimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, chakula kikaangaliwa, na kila mshukiwa akaachiliwa. Watu wenyewe walikuwa na majina mawili ya jambo hilo, nayo yameandikwa katika taarifa: enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na akajanja, yaani wazimu. Majina hayo si sawa. La kwanza laeleza tu kile kinachoonekana. La pili limekwisha toa hukumu.

Mwisho wa taarifa, madaktari walisema hakuna sumu wala kijidudu; ni hali ya roho iliyoambukizana kwa kuonana. Wachunguzi waliokuja baadaye, kama Christian Hempelmann aliyeandika mwaka 2007, wamekubaliana kwa sehemu kubwa, wakatilia mkazo dhiki za wanafunzi na kusema kwamba kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake. Hapo ndipo fumbo la kweli linapotengana na fumbo la kitabuni. Bwana Msa angemaliza kwa kumnyoshea mtu kidole. Huko Kashasha hakukuwa na mtu wa kunyoshewa. Kulikuwa na mabweni, sheria ngumu za shule, mwaka wa mabadiliko makubwa ya nchi, na watoto wa miaka 12 hata 18 waliokuwa mbali na mama zao. Hata hivyo njia ya kwenda ni ile ile moja: kukataa jibu la kwanza linalotolewa na hofu. Anayetaka kujua kwa nini hadithi za akina Bwana Msa zilistahili kuingia shuleni katika miaka ile, asitafute sababu mbali. Watoto waliokuwa na umri wa kuzisoma walikuwa ndio hao hao walioambiwa kwamba unga una sumu.

Mwaka 1965 kilitoka kitabu cha Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo. Hapa tumeondoka mashambani na barazani. Tuko mjini, kwenye magari, baa, na chombo kilichoutoa jina kitabu chenyewe. Mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni mtu wa serikali, mwenye cheo na mshahara. Kiswahili chake ni chepesi, kimekatwa vipande vifupi, hakina mapambo ya Unguja, na kwa sababu hiyo kilikuwa rahisi zaidi kwa msomaji aliyekipata Kiswahili darasani. Wako wanaosema kwamba Katalambulla ni mdogo wa Abdulla kwa ufundi. Kwa ufundi wa lugha, hapana shaka. Lakini kwa kuwapata wasomaji wa bara aliweka njia, na waliomfuata walipita hapo hapo.

Mwaka huo huo wa 1965, jambo ambalo halina uhusiano nalo ila kwa kalenda, Maj Sjöwall na Per Wahlöö walitoa huko Sweden kitabu cha kwanza cha mfululizo wao wa vitabu 10, uliokwisha mwaka 1975. Linatajwa hapa kwa sababu Sweden si nchi ya mbali kwa watu wa Bukoba. Misheni ya Kanisa la Sweden ilichukua kazi ya Walutheri wa Bukoba wakati wa vita kuu ya pili, wamisionari wa Kidachi walipokamatwa. Bengt Sundkler, mwanachuo wa Kisweden, alikuwa askofu huko tangu 1961 hata 1964, kabla ya kumwachia Josiah Kibira. Na Barbro Johansson, mwalimu aliyetoka Sweden, alikuja kuwa mbunge wa Tanganyika. Kwa muda wa kizazi kizima barua na wageni walikwenda na kurudi kati ya Buhaya na Uppsala. Kilichokuja kutoka huko ni Zaburi, dawa, na elimu ya wasichana. Mpelelezi Martin Beck hakuja. Ni hasara, maana katika vitabu vyote vya upelelezi vya ng'ambo, hivyo vya Sjöwall na Wahlöö ndivyo vilivyo karibu zaidi na mambo yaliyowashughulisha waandishi wa Kiswahili wa miaka ya 1970: nchi inayojiita ya haki na usawa, na maiti inayouliza kama ni kweli.

Katika miaka ile ile jambo kubwa zaidi lilikuwa likifanyika vijijini. Tangu 1968 hata 1972, UNESCO pamoja na serikali ya Tanzania waliendesha mradi wa majaribio wa kuwafundisha watu wazima kusoma katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio Kagera ya leo. Makao yake yalikuwa Mwanza. Kisomo kilifungwa pamoja na kazi: aliyelima pamba alisoma habari za pamba, na mwenye migomba alisoma habari za migomba. Kisha likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kuanzia 1974. Matunda ya kazi hiyo na kampeni za taifa zilizofuata ni makubwa: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma Tanzania walikuwa kama 67 katika kila 100, na mwaka 1977 walikuwa wamepungua hata 27.

Lakini mtu aliyefundishwa kusoma kwa habari za mgomba hatasoma habari za mgomba maisha yake yote. Akishamaliza kitabu cha mbolea atataka kitabu kitakachomkesha. Wapangaji wa elimu walilijua jambo hilo kwa nusu. Walitoa vitabu vya afya, vya siasa, vya historia ya nchi. Nusu ya pili waliiachia wachapaji wadogo wa Dar es Salaam, nao hawakukawia kuiona. Ajabu ni kwamba mfano wa kuziunga nusu hizo mbili ulikuwapo tayari, katika nafsi ya mhariri wa Mkulima.

Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na humo akaingia Willy Gamba. Huyu si Bwana Msa wala Inspekta Wingo. Ni mtu wa usalama wa taifa, mwenye bastola, anayeruka kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kuitafuta siri ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyoibwa. Katika Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979, anakwenda Kinshasa. Waliosoma Ian Fleming na James Hadley Chase watawatambua wazazi wa kitabu. Lakini James Bond alipigania dola iliyokuwa ikizeeka, na Gamba alipigania bara lililokuwa bado halijakombolewa, na tofauti hiyo imeubadilisha hata mwendo wa sentensi. Neno la kale la Biblia likarudi kwenye maana yake ya kwanza: mpelelezi akawa tena mtu wa vita anayetangulia jeshi.

Vita yenyewe ilifika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbia kusini, wengine hadi Bukoba na Muleba. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin, maelezo ya vita hiyo; si riwaya, lakini kasi yake na hamu yake ya siri za adui zaonyesha kwamba lugha ya kueleza mambo hayo ilikwisha tengenezwa na watunga riwaya za upelelezi.

Kabla ya vita, jambo jingine lilikwisha kulikata soko la vitabu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata Novemba 1983, na meli zilizokuwa zikilizunguka ziwa lote zikagawanywa. Vitabu vinne vya Bwana Msa, tangu Duniani Kuna Watu cha 1973 hata Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976, vilikuwa vimechapwa Nairobi. Ng'ambo ya mpaka uliofungwa, mpelelezi mwenye asili ya Tanzania akawa kama mgeni asiye na pasi. Nafasi yake ikachukuliwa na vitabu vyembamba vya Dar es Salaam, vya karatasi hafifu na majalada yenye damu na mapaja, na baadaye na Ben Mtobwa, ambaye Joram Kiango wake aliwapata wasomaji wengi katika miaka ya 1980.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili haikuyafumbia macho maandishi hayo. Mwaka 1981 ilitoa kitabu cha Rajmund Ohly, mwanachuo wa Kipolandi, kiitwacho Aggressive Prose, kinachochunguza nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970. Ohly hakuvipenda vitabu vyote alivyovisoma, lakini alivisoma, na hilo ni zaidi ya walivyofanya wengi waliovilaani. Aliona kwamba ukali wa lugha yao ulikuwa ni alama ya mji uliokua haraka kuliko adabu zake. Neno fasihi pendwa, lililokuja kuenea kwa kuvitaja vitabu hivyo, limekuwa na bahati mbaya: laonekana kusema kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa dhati.

Mhaya mzee asingekubaliana na mgawanyo huo. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Wahaya na kuzitoa mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina linalotokana na kiitikio cha wasikilizaji, wanaomwambia msimulizi aone ili nao waone. Mugyabuso Mulokozi, mwanachuo wa Taasisi na mzaliwa wa Kagera, ameonyesha katika utafiti wake juu ya tendi za nanga jinsi mwimbaji anavyowaburuta wasikilizaji wake kutoka hatari hadi hatari, nao wakipenda mno wala wasimdharau kwa kupendwa. Ona nasi tuone: hakuna maelezo mafupi zaidi ya kazi ya Watson, au ya Najum. Rafiki wa mpelelezi huona yote ayaonayo mpelelezi, na msomaji huona pamoja naye, ila maana inabaki imefichika mpaka aliyejua aamue kusema. Basi umbo la hadithi ya upelelezi, lililoonekana kuwa la Kiingereza tupu, lilimkuta msomaji wa Kagera akiwa na kiti chake tayari.

Kwa mwalimu au mtunza maktaba wa Bukoba au Muleba anayeulizwa leo aanze na kipi, jibu la haki ni kuanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu zilizotajwa, kisha Simu ya Kifo kwa wepesi wake. Kufa na Kupona kisomwe pamoja na historia ya ukombozi, si badala yake. Katika vya ng'ambo, vinavyongoja mfasiri mwenye moyo, viwili vyafaa nchi hiyo kuliko vingine. Cha kwanza ni mfululizo wa Kisweden uliokwisha elezwa. Cha pili ni hadithi za Padre Brown za Chesterton, zilizoanza kukusanywa kitabuni mwaka 1911, ambazo mpelelezi wake ni kasisi mfupi mwenye mwavuli, ajuaye dhambi za watu kwa kuzisikiliza kitubioni. Katika nchi iliyomtoa Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, na yenye seminari ya Rubya, mpelelezi wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Agatha Christie, pamoja na ustadi wake wote, apewe nafasi ya baadaye. Mafumbo yake hutegemea mno saa za chai na ratiba za treni, na mfasiri atatumia nguvu nyingi kueleza nyumba kabla ya kufika kwenye maiti.

Mfasiri huyo atakutana na tatizo la istilahi. Dalili, alama, mshukiwa, mtuhumiwa, shahidi, ushahidi wa mazingira: haya yapo na yamezoeleka, na sehemu kubwa ya mazoea hayo ni kazi ya riwaya. Lakini dai la mtu kwamba wakati wa tendo alikuwa mahali pengine bado halina neno moja lililokubaliwa na wote. Huelezwa kwa maneno matatu au manne, na kwenye mazungumzo ya haraka ya Inspekta na mshukiwa maneno manne ni mengi. Mwaka 1960 tatizo hilo lilikuwa la watunga hadithi peke yao, kwa maana mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote za Tanzania, na hakimu wa Muleba au jaji wa Mahakama Kuu Bukoba anayeandika hukumu ya kesi ya mauaji anatafuta neno lile lile.